Udongo, Mwanzi na Vanishi: Mapambo ya Nyumbani Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, pambo la ukutani lilianza kwenye ukuta wenyewe. Kabla fremu ya picha haijafika Kyela, uso wa nyumba ndio uliosiribwa, ukasuguliwa na kuchorwa, na kazi hiyo ilifanywa na wenye nyumba, hasa wanawake, kwa udongo uliochimbwa si mbali na mlango. Fremu ya mbao iliyopigwa vanishi, inayotundikwa leo sebuleni ikiwa na picha ya harusi au ya mahafali, ni mgeni wa juzi katika desturi hiyo. Mgeni huyo alikuta tatizo lile lile lililowasumbua wachoraji wa kuta tangu zamani, nalo ni maji.

Kyela ni tambarare iliyobanwa kati ya Milima ya Livingstone upande wa mashariki na vilima vya Undali upande wa magharibi. Ardhi huteremka kutoka Mlima Rungwe hadi ziwani, ambako maji yako takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huikata tambarare hiyo ikielekea ziwani, na katika masika baadhi yake hufurika hadi mashambani. Sehemu kubwa ya wilaya hupata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka. Mpunga, migomba na kakao hufurahia hali hiyo. Ukuta wa udongo, mbao laini na karatasi ya picha havifurahii hata kidogo. Ndiyo maana kila pambo lililodumu hapa lilikuwa kwanza kinga, likawa urembo baadaye.

Habari za maandishi kuhusu nyumba za Wanyakyusa, wenyeji wa tambarare hii, huanza na wasafiri wa robo ya mwisho ya karne ya 19. Frederic Elton, konsuli wa Uingereza nchini Msumbiji, alipita kaskazini mwa ziwa mwaka 1877 katika safari iliyomuua kabla haijafika pwani. Miaka miwili baadaye akaja Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 21, akiongoza msafara wa Royal Geographical Society baada ya mkuu wake, Keith Johnston, kufariki Behobeho. Kitabu chake cha mwaka 1881 kinavisifu sana vijiji vilivyokuwa ndani ya migomba, nyua zilizofagiliwa na nyumba nadhifu zilizopangwa kwa safu. Wamisionari wa Kijerumani, walioiita nchi hiyo Konde, walirudia sifa hizo, na daktari Friedrich Fülleborn akatoa kitabu kikubwa mwaka 1906 kuhusu nchi na watu wa Nyasa na Ruvuma, chenye michoro na picha za nyumba za huku. Wasafiri wa zama zile hawakuwa wepesi wa kusifu nyumba za Waafrika. Wanapokubaliana watu waliokuja kwa nyakati na nia tofauti, ushahidi wao una uzito.

Nyumba iliyowavutia ilikuwa ya mviringo. Mianzi ilisimikwa karibu karibu ikiwa imeinama kidogo kwenda nje, hata ukuta ukawa mpana juu kuliko chini, mfano wa kikapu. Juu yake lilikaa paa la pia la nyasi. Nafasi kati ya mwanzi na mwanzi zilizibwa kwa madonge ya udongo yaliyoviringwa kwa mkono, kila donge likipangwa juu ya jingine. Zilikuwapo pia nyumba ndefu za watu wazima wenye mifugo, ambamo ng'ombe walilala upande mmoja na watu upande mwingine. Mwinamo wa ukuta ulipendeza macho, lakini faida yake ilionekana mvua inaponyesha: chini ya upenu mpana, ukuta uliolala kwenda nje hujificha, na maji ya paa huanguka mbali na msingi. Hapo ndipo palipopatikana uso mkavu unaoweza kubeba rangi. Ukuta wa udongo usio na upenu katika nchi ya milimita 2000 hauna haja ya kuchorwa, kwa kuwa nakshi zake hazitavuka Machi.

Kusiriba ndiyo hatua iliyotangulia rangi. Udongo wa mfinyanzi peke yake hupasuka unapokauka, kwa sababu hunywa maji mengi na kusinyaa yanapotoka. Mchanga hupunguza kusinyaa huko. Samadi ya ng'ombe huongeza nyuzinyuzi za majani zinazoshikamanisha tabaka, pamoja na utelezi unaomwezesha msiribaji kulaza uso kwa kiganja. Katika nyumba ambamo ng'ombe walilala ndani, malighafi hiyo haikutafutwa mbali. Tabaka la kwanza lilikuwa nene na la kukwaruza ili la pili lishike. La pili likawa jembamba, la udongo uliochujwa. Mkono wenye maji ulipitishwa mara nyingi kabla uso haujakauka kabisa, kwa maana udongo uliokwisha kukauka haulainiki tena bila kubanduka.

Rangi zenyewe zilikuwa chache. Nyeupe ilitoka kwenye udongo mweupe wa kaolini, nyekundu kwenye udongo wenye kutu ya chuma, ule ambao maseremala wa pwani huuita ngeu na kuutumia kutia alama kwenye mbao. Masizi na mkaa uliosagwa vilitoa nyeusi, na jivu likatoa rangi ya kijivu. Kuna sababu ya kikemia kwa nini mafundi wa mabara mengi walifikia rangi hizi hizi: madini ya chuma, kaolini na kaboni hayachujuki kwa jua. Rangi za majani na maua hufifia baada ya miezi. Kutu haifanyi hivyo. Tena udongo wa manjano ukichomwa hugeuka mwekundu, kwa kuwa moto hufukuza maji yaliyofungwa ndani ya madini ya chuma, kwa hiyo mtu mwenye udongo wa aina moja na jiko anaweza kupata rangi mbili.

Rangi ya udongo ina upungufu mmoja mkubwa, nao ni kwamba haina gundi. Chembe zake hukaa juu ya ukuta kama vumbi lililoshikwa, na bega linalopita hubeba sehemu yake. Mafundi wa udongo hupambana na jambo hilo kwa kuchanganya samadi iliyochujwa au utomvu wa mimea, na kwa kupaka tabaka la msingi likiwa bado na unyevu ili rangi iingie ndani. Brashi haikuhitajika. Ncha ya kidole ilitosha kwa nukta, na kitambaa au kishungi cha nyasi kilitosha kwa michirizi na maeneo mapana. Nakshi ya namna hii hufanywa upya kila mwaka, mara nyingi mvua zinapokoma, na huo ni mwendo wa kalenda unaofanana na wa shamba.

Mpangilio wa jamii ya Wanyakyusa uliipa kazi hii nafasi isiyo ya kawaida. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951, Good Company, kilivifanya vijiji vya marika vya huku vijulikane duniani. Vijana wa kiume wa umri wa miaka kumi au kumi na kidogo waliacha nyua za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, wakalala huko pamoja na wenzao wa rika huku wakiendelea kula kwa mama zao. Kijiji kilikua nao. Walioa humo, wakajenga nyumba imara zaidi, na kizazi chao kilipofikia zamu ya kushika uongozi, sherehe kubwa ya kukabidhi madaraka, ubusoka, ilifanyika. Maana yake kwa historia ya mapambo ni kubwa kuliko inavyotajwa kwa kawaida. Mahali ambapo nyumba hurithiwa, ukuta hubeba mikono ya bibi na mama. Katika kijiji cha rika, nyumba nyingi zilikuwa za umri mmoja, za watu wa umri mmoja, na kila mke alikuwa na nyumba yake ya kuitunza mbele ya macho ya majirani. Ni rahisi kuona jinsi ushindani wa unadhifu ulivyopata chakula katika mazingira hayo.

Vijiji hivyo havikudumu. Fedha za kahawa kule Rungwe na za mpunga huku Kyela, uhaba wa ardhi, na safari za vijana kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa wilayani Chunya, kisha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, zilivunja utaratibu wa kujenga pamoja. Monica Wilson aliporudi mwaka 1955 alikuta mabadiliko makubwa, na kitabu chake cha mwaka 1977, kinachofuatilia mambo kuanzia 1875 hadi 1971, kinasoma kama hesabu ya yaliyoondoka. Mchimbaji aliyerudi na mshahara alitaka tofali na bati. Bati halihitaji upenu mpana kama nyasi, na tofali la kuchoma halihitaji kusiribwa kila mwaka. Ukuta wa kuchorwa ukapoteza kinga yake na sababu yake kwa wakati mmoja.

Sanaa ya udongo wa rangi haikufa pamoja na ukuta, kwa kuwa ilikuwa na makao mengine. Mashariki mwa Matema, kijiji cha mwambaoni, Milima ya Livingstone inaposhuka ghafla hadi majini na kuacha ukanda mwembamba wa mawe, wanaishi Wakisi. Shamba la kutosha halipatikani katika ukanda ule. Wanaume huvua samaki, na wanawake hufinyanga, na vyungu vyao vimekuwa vikibadilishwa kwa nafaka na ndizi za tambarare kwa vizazi vingi. Wanyakyusa waliokuwa na chakula tele hawakuwa na haja kubwa ya kufinyanga wakati jirani alikuwa akileta chombo bora kwa mtumbwi. Biashara hiyo ilienda ng'ambo ya Songwe pia, kwa Wangonde wa Karonga. S. A. C. Waane aliandika mwaka 1977 uchunguzi mrefu kuhusu ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe, na kazi yake bado ni msingi kwa anayetaka kujua jinsi chungu hicho kinavyotengenezwa.

Mfinyanzi wa Kikisi hufanya kazi akiwa ameketi chini, udongo ukiwa juu ya kigae au sahani ya udongo inayozungushwa kwa mkono. Si gurudumu la mfinyanzi kama la Misri au India, ila mzunguko huo mdogo unatosha kumpa duara sahihi na ukingo ulio sawa. Ukuta wa chungu hukwanguliwa hadi uwe mwembamba, jambo linalopunguza uzito ndani ya mtumbwi na kuni jikoni. Chungu kikianza kukauka lakini kingali baridi kikiguswa, ndipo umaliziaji huanza. Udongo mwekundu uliokorogwa hadi kuwa mwepesi kama uji hupakwa sehemu zinazotakiwa, na jiwe laini la ufukweni hupitishwa juu yake tena na tena. Kusugua huko hulaza chembe bapa za udongo zote upande mmoja, na uso unaanza kurudisha mwanga. Ni mng'ao unaopatikana bila mafuta na bila vanishi. Wakati huo huo vitundu vya uso huzibwa, na chungu kinavuja polepole zaidi.

Nakshi za Kikisi hukaa sehemu ya juu: shingoni, begani na ukingoni. Mistari, mikanda na pembetatu nyekundu juu ya udongo uliopauka, au nyeupe juu ya nyekundu, huzunguka chungu bila kushuka tumboni. Utaratibu huo una akili ya jikoni ndani yake. Tumbo la chungu cha kupikia litalambwa na moto na kufunikwa masizi kabla ya wiki kwisha, kwa hiyo kazi ya mkono huwekwa palipo salama. Mitungi ya maji na vyungu vya pombe ya ulezi, visivyokaa motoni kila siku, vinaweza kubeba mapambo mengi zaidi. Mtu anayetazama chungu kilichofikishwa makumbusho huona umbo na rangi, na ni rahisi kusahau kwamba kilikusudiwa kuonekana kutoka juu, na mtu aliyesimama akitaka kuchota.

Uchomaji hufanyika uwanjani. Vyungu hupangwa pamoja, vikafunikwa kuni, nyasi au matete, na moto ukawashwa bila tanuri. Moto wa wazi wa namna hiyo hupanda haraka, na mara nyingi hufika kati ya nyuzi 600 na 900 za selsiasi. Hapo ndipo chungu kinapoushinda ukuta. Rangi ile ile ya udongo ambayo ukutani ingeoshwa na mvua ya kwanza, hapa huungana na mwili wa chombo na haitoki tena hata kwa kusuguliwa. Palipokosa hewa hubaki doa jeusi, na mteja mzoefu haoni kosa katika doa hilo. Kinyume chake, rangi inayopakwa baada ya kuchoma, kama ile ya mafuta inayoonekana siku hizi kwenye vyungu vya maua, hukaa juu juu na kubanduka. Soko la Lyulilo, karibu na Matema, ndipo mitumbwi ya vyungu imekuwa ikishusha mizigo.

Fremu iliingia kwa njia nyingine. Mwaka 1891 Wamoravia walianzisha kituo Rungwe, na mwaka huo huo wamisionari wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky wakaanza kazi Unyakyusa. Vituo vilishuka hadi tambarare na ziwani, Ipyana kwa Wamoravia na Ikombe kwa Waberlini, hiki cha pili kikiwa katikati ya wafinyanzi. Pamoja na Biblia zilikuja tanuri za matofali, misumeno na randa. Fremu ni mtoto wa randa. Bila ubao ulionyooka na pembe nne zilizokatwa kwa nyuzi 45, vipande havikutani, na hakuna pambo linaloweza kuficha kona iliyo wazi. Mianzi, mali ya ujenzi wa kale, haikufaa sana kwa kazi hiyo kwa kuwa ni ya duara na ina uwazi ndani, ingawa vipande vyake vilivyopasuliwa hubandikwa vizuri juu ya ubao.

Fremu za Ulaya zilizokuwa zikiigwa zilikuwa na siri ambayo mfinyanzi wa Ikombe angeitambua mara moja. Fundi wa dhahabu wa Ulaya hakupaka dhahabu juu ya mbao tupu. Alianza na tabaka kadhaa za unga wa chokaa uliochanganywa na gundi ya ngozi, akazipiga msasa hadi zikawa laini kama ganda la yai. Juu yake akapaka udongo mwekundu mwororo, kisha akalaza karatasi nyembamba ya dhahabu na kuisugua kwa jiwe au jino la mnyama. Udongo huo ndio uliotoa joto la rangi chini ya dhahabu, na ndio uliolainika chini ya jiwe. Udongo mwekundu, kusugua, kung'aa: hatua ni zile zile za begani mwa chungu, isipokuwa moto.

Dhahabu ya karatasi haikuwa ya nyumba za Kyela, wala si ya nyumba nyingi popote. Kilichoenea ni fremu ya seremala. Mninga ulipendwa kwa sababu moyo wake haushambuliwi upesi na mchwa na una rangi ya kahawia isiyohitaji kupakwa kitu zaidi ya vanishi. Mbao za paina, kama za mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, ni rahisi kwa bei na laini kwa msumeno, ila hunywa unyevu na kuvutia wadudu. Hizo ndizo hasa huhitaji umaliziaji, na hapo kazi ya nyumbani hurudi. Ubao hupigwa msasa wa kukwaruza, kisha mlaini, kufuata uelekeo wa nyuzi. Vumbi huondolewa kwa kitambaa chenye unyevu. Vanishi iliyopunguzwa kwa thina hupakwa kwanza ili izame, ikikauka husuguliwa kidogo, na tabaka mbili nyingine hufuata. Kosa la kawaida katika mwambao huu ni kupaka siku ya mvua. Hewa yenye maji huifanya vanishi ipige ukungu mweupe, na kazi inaanza upya.

Anayetaka pambo zaidi ana njia kadhaa zisizo na gharama. Magome makavu ya mgomba, ambayo katika Afrika Mashariki yote hutumika kutengeneza kadi na picha za kubandika, yana rangi kuanzia manjano hadi kahawia iliyokolea, na yakibandikwa kwa gundi ya mbao na kufunikwa vanishi hudumu kama veneeri. Udongo mwekundu uliochujwa, ukichanganywa na gundi hiyo hiyo, hutoa rangi isiyochujuka, na sasa ina kile ambacho ukuta wa zamani ulikikosa. Rangi ya dhahabu ya kopo hupendeza ikipakwa juu ya tabaka jekundu kuliko juu ya jeupe, kwa sababu ile ile iliyowaongoza mafundi wa Ulaya. Mistari na pembetatu za Kikisi hukaa vyema kwenye ubao wa sentimita nne au tano, mradi zianzie pembeni kuelekea katikati, la sivyo mchoro hukatika vibaya kwenye kona.

Fremu za plastiki kutoka China zimepunguza wateja wa seremala, na picha nyingi sasa zinaishi ndani ya simu. Bado ukuta wa sebule una sehemu yake: picha ya rais, ya Yesu, ya marehemu babu aliyepigwa studio akiwa amesimama wima, na za watoto waliovaa majoho. Mara nyingi hutundikwa juu, karibu na silingibodi, zikiinamia kidogo mbele ili mtu aliyeketi azione bila kioo kumrudishia mwanga wa mlango.

Picha hizo ndizo zinazoonja hali ya hewa ya Kyela kuliko kitu kingine chochote sebuleni. Uso wa picha ya studio umefunikwa jelatini, na jelatini ikipata unyevu hulainika na kunata. Picha iliyobanwa moja kwa moja kwenye kioo kwa masika matatu au manne hushikana nacho, na anayejaribu kuitoa huondoka na nusu ya uso wa babu. Kinga yake ni kipande cha kadibodi kilichokatwa kama dirisha, chenye unene wa njiti ya kiberiti, kikawekwa kati ya picha na kioo. Nyuma ya fremu hugongwa vibao viwili vidogo kwenye pembe za chini ili isilale ukutani na hewa ipite. Hadibodi ya nyuma nayo hupakwa vanishi pande zote mbili, hata upande usioonekana na mtu.